Makabidhiano ya Jiko

Chai ya kambi nzima ilikuwa imegawiwa na vikombe vinaoshwa, na koplo alikuwa akimgombeza mpishi aliyemenya viazi hadi vikabaki saizi ya gololi.

"Ndugu yangu, umetumwa kumenya au kuchonga?"

"Si kisu hiki, Upawa. Kina njaa kuliko mimi."

Wakacheka. Upawa ndilo jina walilompa koplo, kwa sababu hakuwahi kumpunja askari mchuzi. Cheo chake kilikuwa koplo, lakini kazi yake ilikuwa ya sajini. Tangu Sajini, mkuu wa jiko, apelekwe mafunzoni, koplo ndiye alikuwa kaimu: funguo za stoo kwake, lawama kwake, na wali ukiungua, ni wake. Mshahara tu ndio haukupata habari.

Posho ya kukaimu ilikuwepo. Kanuni ilisema mtu akishika nafasi ya mkubwa wake kwa miezi mitatu mfululizo, alipwe tofauti ya mishahara yote miwili. Neno hilo mfululizo ndilo lililowameza wengi. Mara mbili sasa, mwezi wa tatu ukikaribia kwisha, Sajini aliitwa kambini kwa siku moja tu. Alifika, akalala, akarudi mafunzoni. Mfululizo ukawa umekatika, na koplo akaanza upya.

Safari hii zilibaki siku nne, na koplo alizihitaji kweli. Mumewe alikuwa fundi cherehani, na cherehani yenyewe ilikuwa ya kukodi. Mwenye nayo alikwishapata mnunuzi. Ila kwa heshima ya fundi, alikubali kusubiri hadi mwisho wa mwezi, posho itoke wainunue wao. Unga ulikuwa umepanda, nauli imepanda, na nyumbani kilichoshuka kilikuwa suruali ya fundi peke yake.

"Siku nne si kitu, mke wangu," alikuwa amemwambia alfajiri, akikaza mkanda. "Mimi nilikungoja miaka miwili ukubali posa."

Mlango wa jiko ukafunguka. Sajini akaingia na begi begani, uso chini.

"Afande," koplo akasema, "usiniambie."

"Dada yangu, nimeitwa. Luteni wa utumishi amenipigia jana. Na nauli nimejilipia mwenyewe."

Koplo akakaa juu ya gunia la mchele. Hasira ilimpanda hadi macho yakaloa, na hakuona sababu ya kuyaficha. Wapishi walijifanya wana shughuli. Akafuta uso kwa kona ya aproni, kisha akatazama rafu za vyombo, kutoka mwanzo hadi mwisho, kama mtu anayeziona leo kwa mara ya kwanza.

"Afande, mara zile mbili tulikabidhiana vipi?"

"Tulipeana mikono tu, tukaandika kila kitu kipo."

"Na kanuni inasemaje?"

Sajini akainua uso. Kanuni ya jiko la jeshi aliijua: kila chombo kihesabiwe, na mpaka hesabu iishe, chakula kisigawiwe. Taratibu akashusha begi, na tabasamu likamtoka pembeni.

"Tuanze na vijiko," akasema. "Vya chai au vya kulia?"

"Vyote, afande. Leo nataka nikukabidhi kwa haki."

Siku hiyo kulikuwa na wageni kutoka makao makuu. Adhuhuri Luteni aliingia mbio. Askari walimwita Njoo Kesho, kwa kuwa hakuwahi kuwa na jibu jingine.

"Kuna nini hapa? Wageni wako mezani!"

"Makabidhiano, afande," koplo akajibu. "Tuko kwenye sahani. Bado masufuria."

"Gawa chakula kwanza!"

"Kwa cheo gani, afande? Ukaimu wangu umeisha Sajini alipoingia getini. Koplo hana mamlaka ya kugawa."

Luteni akamgeukia Sajini.

"Mimi sijapokea jiko, afande. Nikigawa halafu sahani zikapungua, nitalipa mimi. Haraka haraka haina baraka."

"Mwiba wa kujidunga," mpishi wa viazi akanong'ona, na mwenzake akauma taulo.

"Sikilizeni, hayo makabidhiano mtayafanya kesho..." Luteni akaanza, kwa mazoea tu, na jiko zima likaangua kicheko. Hata yeye mdomo ulimcheza kabla hajatoka.

Wageni wakala mikate iliyobaki asubuhi, na wenyeji nao vivyo hivyo. Hesabu iliisha alasiri, chakula kikatoka kimepoa, na jioni Luteni akarudi. Shati lilikuwa limemganda mgongoni. Bila shaka mkuu wa kikosi alikuwa amezungumza naye.

"Sajini, basi la jioni linakungoja, rudi mafunzoni. Koplo, kaimu jiko. Kuanzia leo."

Kuanzia leo. Koplo alijua maana yake: miezi mitatu mingine, na cherehani kwa mnunuzi. Usiku huu angemwambia mumewe, naye angefanya mzaha, na mzaha huo ndio ungemuuma zaidi. Iliuma. Lakini akasimama wima, akapiga saluti.

"Sawa, afande."

Kisha akanawa mikono, akatandika tena kitambaa juu ya meza ndefu. Sajini, bila kuombwa, akashusha tena begi lake na kuvuta kigoda.

"Sasa mnafanya nini?" Luteni akauliza, sauti imekonda.

"Ananikabidhi jiko, afande. Si nimeambiwa nikaimu?"

Kutoka bwaloni vikombe vilianza kugongwa mezani. Kambi nzima ilikuwa ikisubiri chakula cha jioni. Koplo akachukua kijiko cha kwanza, akakigeuza huku na huku kwenye mwanga wa dirisha, akamkazia Luteni macho.

"Moja," akasema.