Betri Isiyotoka

Niliota jana kwamba nimekwenda mjini Makambako kuchagua sigara mpya ya umeme, ile kubwa yenye betri ya ndani inayokaa na chaji siku nzima na kesho yake. Nikiwa macho nilikuwa nimeshapanga kwenda kuinunua, kwa hiyo mwanzoni sikuona ajabu yoyote.

Nieleze kidogo. Sigara za kawaida niliziacha baada ya daktari kunikaripia, nikahamia kwenye za umeme. Mke wangu Skolastika hataki moshi ndani ya nyumba, hata ukimwapia kwamba huu si moshi, ni mvuke. Basi navutia uani, chini ya kamba ya nguo, baridi inanipiga. Na wiki nzima hii binti yetu Adelina alikuwa akinifuata mlangoni. "Baba, nina jambo." Nami namwinulia kidole. "Ngoja kidogo, mama." Nikirudi ndani namkuta ameshalala, au anaosha vyombo, au anasema hakuna kitu. Nilijiambia kwamba nikipata kifaa cha maana, kisichonizimikia kila saa, kichwa kitatulia na nitamsikiliza vizuri. Mvutaji hakosi sababu.

Tuendelee na ndoto. Muuzaji alikuwa soketi ya ukutani. Alikuwa na matundu matatu na alizungumza kwa lile la juu. Nikamwamkia, akaitikia.

"Umekuja na kile cha zamani?" akaniuliza.

Nikatoa mfukoni kile kifaa changu kidogo, nikakiweka juu ya kaunta. Kikajinyoosha, kikakohoa, kikaomba maji.

"Kina kosa gani?" soketi akauliza.

"Hakikai na chaji," nikasema. "Navuta kidogo tu, kinazima."

"Naomba nijitetee," kifaa kikasema. Sauti yake ilikuwa nyembamba na ya adabu. "Ni kweli nazima. Lakini nikizima ndipo mzee anaingia ndani kwake. Anakula na wenziwe, anauliza nani kaja leo. Mkinitoa mimi, nani atamrudisha nyumbani?"

Soketi akanitazama kwa matundu yote. Niliona haya, nikamwambia kwamba kifaa hicho siku hizi kinaongea ovyo kwa sababu ya uzee. Kikajikunja. Sikukitetea, na hilo linaniuma mpaka sasa.

Vifaa vipya vimekaa kwenye benchi refu, vimekunja miguu, vinasubiri kuitwa. Soketi anaita kile cha mwisho. Kinakuja kifaa kinene, cheusi, kimevaa tai.

"Mimi betri yangu ni ya ndani," kinasema. "Haitoki."

"Haitoki kabisa?"

"Kabisa. Fungua shati."

Nafungua vifungo. Sijui kwa nini nafungua. Kifaa kinaingiza mkono kifuani mwangu, kinasogeza vitu vilivyokuwamo, kinaweka betri mahali pake na kunifunga vifungo vizuri kuliko nilivyovifunga mwenyewe asubuhi. Hakuna maumivu. Nahisi uzito tu, kama nimekula ugali mwingi wa jana.

"Na ikiharibika?" nikauliza.

"Masharti ni yaleyale ya vifaa vyote vya betri ya ndani," soketi akasema. "Hatutoi betri. Tunatupa kitu kizima."

Nikasema sawa. Nikavuta mara moja kujaribu. Ilikuwa ladha ya embe, tamu ajabu. Mvuke ukajaa dukani mpaka soketi nikawa simwoni, na ulipotawanyika nilikuwa nimesimama uani kwangu.

Uani kumejaa watu. Viti vya sebuleni vimetolewa nje, mikeka imetandikwa, wanawake wamejifunga kanga viunoni, na juu ya mafiga kuna sufuria kubwa la kukodi. Ilikuwa mchana, jua la baridi la kwetu lile. Hapo nikajua kuna msiba. Nikalisogelea sufuria, maana ndilo lililokuwa karibu.

"Amefariki nani?"

"Gervas Komba," sufuria likasema.

"Gervas Komba ni mimi."

"Oo! Pole sana na msiba."

"Lakini mimi ni mzima."

"Hilo tunalijua. Chaji yako inaisha lini?"

Nikajipapasa kifua. "Haiishi leo wala kesho. Inakaa sana."

"Sasa tukungojee?" sufuria likasema, likichemka taratibu. "Watu wana mashamba, mheshimiwa. Wengine wametoka mbali. Wamekaa kikao, wakaona afadhali wamalize kabisa, wewe utaendelea na shughuli zako huko nje."

Nikamtafuta Skolastika. Alikuwa ameketi mkekani katikati ya wanawake, hajalia, amechoka tu kama mtu aliyemaliza kufua. Nikamwita. Kilichotoka kinywani mwangu kilikuwa mvuke wa embe. Shangazi mmoja akaupunga kwa kanga yake na kukohoa.

Ndipo akaingia Kihwele.

Ludoviko Kihwele ni seremala, jirani yetu wa nyumba ya tatu, na ni Mhehe. Mimi ni Mngoni. Babu zetu walichinjana mpaka wakachoka, na walipochoka wakatuachia utani. Asubuhi akipita ananiuliza kama Wangoni tumeshajifunza kunawa, nami namuuliza kama mbwa wa mtaa wametimia, maana Wahehe tunawatania kwamba wanakula mbwa. Na kwa desturi yetu mtani ana kazi yake msibani. Anavaa nguo za marehemu, anaiga mwendo wake na maneno yake, watu wacheke huku wanalia, ili machozi yasiwanyonge. Hata kaburi analizuia mpaka wafiwa watoe kitu.

Alikuwa amevaa koti langu la kahawia. Mdomoni ameweka gunzi la hindi. Akasimama chini ya kamba ya nguo, akalivuta lile gunzi macho yamefumba, akatoa pumzi ndefu kuelekea angani, kisha akalitikisa sikioni kusikia kama chaji imebaki.

Watu wakaangua kicheko. Nami nikacheka, maana alikuwa anajua kuigiza. Hata namna ninavyoinua bega moja alikuwa nayo.

"Baba Adelina, chakula tayari!" mtu akamwita kutoka jikoni.

Kihwele akainua kidole. "Ngoja kidogo."

Kicheko.

"Komba, mgeni wako anaondoka!"

"Ngoja kidogo."

"Komba, nyumba inaungua!"

"Ngoja kidogo, embe hili ni tamu."

Skolastika alicheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. Zamani alikuwa akicheka hivyo kwa maneno yangu. Nikaacha kucheka. Niliwatazama watu wote wale, ndugu, majirani, wanakwaya wenzangu wa zamani, na hakuna aliyeuliza marehemu alikuwa na jambo gani jingine. Kwao miaka yote niliyoishi ilienea kwenye kidole kimoja na gunzi.

Mara Adelina akainuka mkekani. Yeye hakuwa anacheka. Akaenda moja kwa moja mpaka mbele ya Kihwele, akapiga goti kama anavyonipigia mimi.

"Baba," akasema, "nina jambo."

Kihwele akainua kidole. Watu wakangojea neno lao wacheke tena. Kidole kikakaa hewani. Kisha Mhehe akakishusha, akalitoa gunzi mdomoni akalitia mfukoni mwa koti langu, akachuchumaa mpaka macho yao yakalingana.

"Sema, mama," akasema. "Nakusikiliza."

"Amekosea," sufuria likanong'ona. "Marehemu hakuwa hivyo."

Lakini hakuna aliyemsahihisha.

"Kuna watu wanataka kuja," Adelina akasema. "Akina Mgaya, wa Njombe. Wanaleta posa. Kijana nimemkubali. Sikutaka wafike kabla wewe hujajua."

Basi ndilo lililokuwa jambo lenyewe. Mtoto wangu anachumbiwa, na alikuwa akinifuata uani wiki nzima kunipa habari hiyo mimi kwanza, kabla ya mtu mwingine yeyote. Nakimbia. Naita jina lake. Kadiri ninavyoita, mvuke unazidi kutoka, mweupe, mzito, na betri kifuani inavuma kama friji, hata jibu la Kihwele silisikii. Naona midomo yake tu. Namwona Adelina anatabasamu, anaitikia kwa kichwa, anauliza kitu kingine, anajibiwa na hicho pia.

"Jamani, huo moshi unaingia kwenye chakula," shangazi akasema. "Funikeni."

Wakafunika.

Kufumba na kufumbua tuko makaburini. Hakuna aliyetembea, makaburi ndiyo yaliyokuja. Kihwele, na koti langu, akashuka kaburini akalala chali kama mtani anavyopaswa.

"Sitoki!" akapaza sauti kutoka chini. "Mkimtaka mtu wenu, toeni jogoo. Msipotoa, nabaki humu, na Mngoni wenu atakosa pa kulala."

Hapo nikapata tumaini. Desturi ni kwamba wafiwa wanatoa kitu, mtani anatoka, anavua nguo za marehemu na kila mtu anarudi kuwa yeye. Nikajua mambo yatanyooka sasa. Atanirudishia koti langu, nitalivaa, nitamshika Adelina mkono na kumuuliza habari za huyo kijana, anakaa wapi, anafanya kazi gani, mama yake ni mtu wa namna gani.

Jogoo akaletwa. Skolastika akamshika, akamtazama binti yake.

"Tumtoe?" akamuuliza.

Adelina akafikiri. Alifikiri kwa adabu, hakuwa na hasira hata kidogo, na ningeona afadhali angekuwa nayo.

"Tumtoe," akasema. "Lakini asivue koti. Huyu tutabaki naye."

Wakamvuta Kihwele juu, wakampangusa udongo mgongoni, wakaondoka naye. Jogoo alikwenda nao, akitembea kwa miguu yake mwenyewe. Niliwasikia njiani wanamuuliza chai atakunywa na sukari kiasi gani.

Nikabaki na jembe.

"Unaingia?" jembe likaniuliza.

"Nataka kurudi nyumbani."

"Basi toa betri."

Nilivua shati. Nilijikuna, nikajivuta ngozi, nikajipiga kifua kwa ngumi. Nikamwita soketi, naye akatokea kwenye ukuta wa kaburi la jirani.

"Nizime," nikamwambia. "Hata kidogo tu. Kile cha zamani kilikuwa kinazima."

"Ulikikataa," soketi akasema.

"Nilikosea."

"Inawezekana. Ila hii haitoki." Akafunga matundu yake, moja moja, akalala.

Wanasema majuto ni mjukuu. Wangu alikuja hata mama yake sijamwoza. Niliketi ukingoni mwa kaburi langu, nikajuta kwa sauti, nikajuta kimyakimya. Nilimkumbuka Adelina alivyokuwa akisimama mlangoni, mkono kwenye fremu, mguu mmoja ndani na mwingine nje. Angalau siku moja ningemwambia aje tukae wote chini ya kamba ya nguo. Ingenigharimu nini? Na kwa kuwa sikuwa na la kufanya, na chaji ilikuwa imejaa, nikavuta. Ilikuwa tamu vilevile. Nililia nikivuta.

Nikaamka.

Jua lilikuwa limeshapanda. Shati nilikuwa nalo, kifua kilikuwa kifua, kimepungua uzito. Nikacheka peke yangu kitandani, nikasema asante Mungu, ni ndoto, nikaenda sebuleni na kandambili mguu mmoja.

Adelina alikuwa mezani anakunywa chai. Mama yake alikuwa ameshakwenda sokoni. Nikavuta kiti, nikakaa karibu naye, jambo ambalo lilimshangaza kidogo, maana alisogeza chupa ya chai kunipa nafasi ya kupita.

"Sipiti," nikamwambia. "Nimekuja kukaa. Adelina, akina Mgaya wa Njombe wanataka kuja?"

Kikombe kikabaki hewani.

"Nani kakwambia, Baba?"

Nikamsogelea. "Ni kweli, basi?"

"Ni kweli. Lakini hakuna anayejua. Mama, na Baba Kihwele tu, na wao niliwaomba wasiseme, nilitaka nikwambie mwenyewe." Akakiweka kikombe chini. "Halafu siku zikaisha."

"Zimeishaje? Niambie sasa. Nakusikiliza."

"Wanakuja kesho, baada ya misa." Alisema kwa upole, akinitazama kama mtu anayeogopa kuumiza. "Usihangaike, Baba. Hatutakusumbua. Nilimweleza Baba Kihwele yote, akaniuliza maswali, akaniuliza mpaka jina la mama wa kijana. Amesema atakaa yeye kuwapokea. Koti lako la kahawia Mama ameshampelekea."

Nilifungua kinywa, hakikutoka kitu, hata mvuke.

Adelina akainuka, akaleta kikombe kingine kutoka kabatini, kile cha maua ambacho hakitumiki kila siku. Akanimiminia chai, akanikabidhi kwa mikono miwili, kwa heshima zote, kama anavyokabidhiwa mgeni.