Gumba Juu ya Shingo

Hakuwa na mume, wala hakuwa akimtafuta. Hakuwa amefundishwa muziki na mtu yeyote, na nota kwake zilikuwa kama nyayo za kuku. Hakuwa na mfuko wa kubebea gitaa. Alilifunga kwa shuka kuukuu. Hakuwa na kidole cha pete cha mkono wa kushoto, kwa maana mashine ya kushonea magwanda ilikichukua angali msichana. Tena hakuwa na ile tabia ya kunyamaza akionewa, na katika hilo waliostahili kuonewa huruma ni wale waliomkabili.

Watu walimwita Cherehani. Kazi yake ilikuwa kushona, lakini jina lilitokana na gitaa. Alipopiga, gumba lake la kushoto lilipanda juu ya shingo ya gitaa na kuubana ule waya mnene kuliko zote, likifanya kazi ya kidole kilichokosekana. Besi ikatembea chini ya wimbo bila kuchoka, kama mguu juu ya kanyagio.

Jumapili moja mchana, dereva wa studio alifika nyumbani kwa kaka yake Cherehani, kiongozi wa bendi, ambako naye Cherehani aliishi, akaacha kasha jeusi na barua. Kaka aliisoma akiwa wima. Studio ilikuwa tayari kurekodi nyimbo zao kwa gitaa kavu, lisilotumia umeme, na wa kwanza uwe ule alioutunga Cherehani mwenyewe. Sharti lilikuwa moja: lipigwe gitaa la Kihispania lililomo kashani, si lile la mpigaji. Jibu litiwe sahihi na lifike kabla ya wiki kwisha.

"Dada, bahati imetupigia hodi," alisema kaka.

"Imepiga hodi, au imevunja mlango?"

Mke wa kaka, ambaye ndiye mwimbaji, alicheka kutoka jikoni. "Wifi, hilo gitaa lako la Kijerumani likilia, hata paka anahama."

"Paka huhama ukifumbua kinywa, wifi. Mimi humsindikiza tu."

Hata hivyo Cherehani hakuwa mtu wa kuchukia asichokijua. Alifungua kasha, akalitoa gitaa la Kihispania, akalilaza kitandani kando ya la kwake. La kwake lilikuwa na tumbo dogo la mbao ngumu, nyuzi za chuma, na shingo nyembamba iliyoshikika kama mpini wa jembe. La Kihispania lilikuwa jepesi kama kikapu kitupu. Nyuzi zake zilikuwa laini, na shingo yake pana na bapa kama rula ya fundi. Alichukua kioo cha wifi cha kujipodolea, akachungulia ndani ya matundu. Ndani ya la Kijerumani mapau manene yalikingama kama ngazi. Ndani ya lile jingine vijiti vyembamba vilitandazwa kama vidole vya mkono uliokunjuliwa. Aligonga mbao ya juu kwa ukucha. La kwake lilijibu mara moja na kunyamaza. La Kihispania liliguna, na mguno ukabaki chumbani.

"Tusibishane kwa macho," alisema kaka. "Geukeni ukutani. Mimi nitapiga yote mawili."

Wifi akaja, wote wawili wakageuka. Kaka alipiga kipande kilekile kwa gitaa moja, kisha kwa jingine.

"La pili," wifi alisema papo hapo. "Tamu mpaka kisogoni."

Cherehani alikawia. Angeweza kudanganya, na nani angejua? "La pili," alisema.

La pili lilikuwa la Kihispania. Kaka alipiga kofi pajani. "Umejihukumu mwenyewe! Lete kalamu."

"Nimehukumu sauti. Sasa nipe nipige wimbo wangu."

Alikaa, akalipakata, akaanza. Wifi akaingia kwa sauti yake nzuri. Ubeti haukufika nusu, gumba la Cherehani likafika ukingo wa ile shingo pana na kukwama. Vidole vitatu vilivyobaki vilijinyoosha mpaka mishipa ikasimama, waya mnene ukabaki bila mtu wa kuubana. Besi ikachechemea, ikafa. Wifi akanyamaza katikati ya neno.

"Mbona umeacha?" kaka alimwuliza mkewe.

"Nimepotea. Nilikuwa nimeshika mkono wa mtu gizani, ukaniponyoka."

Kaka alikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya, ila studio alikuwa ameiota tangu bado hajaoa. "Basi apige mtu wao mwenye vidole vyote. Wewe utakaa pembeni, jina lako litaandikwa kuwa ndiye mtunzi. Si haba, mdogo wangu."

"Si haba kwa aliyekufa, kaka. Mimi nipo. Wimbo huu niliutunga kwa mkono huu, na pengo lake limo ndani. Hautoki bila mimi."

"Unatuchomea nyumba kwa kiburi!"

"Na mimi siimbi bila huyu," alisema wifi. "Uimbe wewe, mume wangu, paka ahame kweli."

Kaka akatazama huku na huku, asione pa kuegemea. Cherehani alikuwa ameshavuta karatasi. Aliandika kwa herufi kubwa, akatia sahihi, akasoma kwa sauti:

"Gitaa lenu ni tamu kuliko langu. Nimelisikia, nimekiri. Lakini shingo yake haikuundwa kwa mkono wangu, na mkono wangu ndio wimbo. Nitalirudisha bila mkwaruzo. Tutakuja na langu, au hatutakuja."

"Wakitukataa?"

"Tutakuwa kama tulivyokuwa jana. Jana ulikufa?"

Kaka aliisoma tena karatasi mwenyewe. Kisha alitia sahihi chini ya sahihi ya dada yake, akiikandamiza kalamu mpaka ikatoboa, na kuisukuma karatasi mezani.

Cherehani aliikunja, akalamba gundi ya bahasha, akaigonga kwa ngumi ishike. Asubuhi, akienda kazini, aliisukuma ndani ya sanduku la posta, akasubiri mpaka aliposikia imetua chini.