Masharubu ya Ndugu Stucki

Kila Jumanne baada ya chakula cha mchana, Verl Stucki, muuza magodoro, aliingia katika banda la vioo la chuo akiwa amevaa koti la timu ya chuo, la rangi ya chungwa, na kunusa maua. Aliyanusa yote, moja baada ya jingine, pua mpaka ndani, masharubu yakifuata. Banda alilijenga yeye. Jina lake lilikuwa juu ya mlango, kubwa kuliko jina la chuo.

Maua yalikuwa ya Daktari Ruthanne Bingham. Yalikuwa penstemoni, vikengele vya bluu vya mlimani vilivyokuwa vikiota kwenye mteremko mmoja tu katika Utah nzima. Mteremko huo sasa ni maegesho ya magari ya duka la Stucki. Ruthanne alikuwa ameing'oa miche kwa mikono yake huku tingatinga likimsubiri amalize, na haikubaki mingine popote duniani.

Mwezi wa Mei maua mapya yalichanua na koo pana, upana wa pua ya Stucki. Baadaye yakaanza kugeukia mlangoni kila Jumanne. Nyuki wa banda walipofika yalifunga midomo, nao wakaenda kukaa dirishani. Kisha bluu ikawa zambarau, zambarau ikawa nyekundu, na kabla ya shule kufungwa nusu ya maua yalikuwa na rangi ileile ya koti.

Ruthanne alikwenda kwa mkuu wa kitivo, Lowell Beesley.

"Lowell, mwambie aache kunigusia maua."

"Ananusa tu, Ruthanne."

"Ananusa! Masharubu yale yamejaa chavua. Ndiye nyuki wangu sasa. Mmea unamfuata anayeuchavusha, wewe mwenyewe ulifundisha hilo."

"Si ndiyo sayansi yenyewe? Andika makala."

"Nisikilize. Bluu inatengenezwa na jeni nyingi zinazopokezana, kama watu wanaopitishiana ndoo ya maji. Mmoja akiacha kazi, ndoo haifiki, unapata chungwa. Wale wengine wakikaa bure muda mrefu, nao wanaharibika. Ikishapotea hairudi."

"Hata idara ya muziki haikurudi," alisema Beesley. "Na tumezoea."

Ruthanne alichukua chungu cha mwisho chenye maua ya bluu, akakificha katika stoo ya mifagio. Jumanne iliyofuata Stucki aliomba kwenda msalani. Alirudi pua ikiwa ya njano.

"Dada Bingham, mchoyo wewe! Umeficha kazuri kamoja huko nyuma!"

"Kalikuwa kagonjwa, Ndugu Stucki."

"Kalinipenda, hata hivyo."

Ijumaa maua ya chungu hicho nayo yalikuwa ya rangi ya chungwa.

Majira ya kupukutika majani yalipofika, Stucki alihamia St. George, mji wa joto kusini, kwa ajili ya magoti yake na gofu. Maua yote yalifunga. Nyuki walijaribu, wakaachana nayo. Ruthanne alijaribu kwa brashi laini, na kila ua lilimbania. Bila mbegu, mwaka ule ungekuwa wa mwisho kwa penstemoni za rangi yoyote ile. Beesley alifuga masharubu kwa ajili ya chuo. Yalitoka machache. Maua yalifunguka kidogo, yakamtazama, yakafunga tena.

"Yamekujua," alisema Ruthanne.

Asubuhi moja Ruthanne aliamka akiwa na masharubu, ya kijivu, mazito, yaliyopinda chini kama ya Stucki. Binti yake LaRae, aliyekuwa mezani na bakuli lake la nafaka, alimtazama.

"Mama, usinyoe. Yanaficha ule mdomo unaoubana ukikasirika."

"Kula. Unachelewa shule."

Alikwenda kazini. Katika kituo cha mafuta muuzaji alimpa kahawa pamoja na kitambaa cha ziada cha kufutia. Bandani maua yalimfungukia. Ruthanne aliinama akanusa la kwanza, akaenda la pili, mpaka akayamaliza. Mbegu zilitoka nyingi kuliko mwaka wowote. Alizipanda, zikachanua, zote rangi ya chungwa.

Beesley alikuja kuyaona, akafurahi sana.

"Unaona? Yamebaki hai."

"Haya si yenyewe, Lowell. Yenyewe yalikuwa ya bluu."

"Tutaliweka kwenye ajenda." Kisha akamwambia kuwa mwezi ujao wangempokea Bi Thayne, mjenzi wa mabwawa ya kuogelea. Alikuwa amenunua mteremko ulio juu ya ule wa magodoro, na alitaka kukisaidia chuo kujenga banda la pili kwa ajili ya mimea itakayong'olewa huko. "Mama mwema mno. Na yeye anapenda kunusa."

Ruthanne alijifuta chavua kwenye masharubu.

"Anapaka mdomo rangi gani?" aliuliza.