Pipa la Mama Nzioki

Kahiga alikuwa na desturi moja iliyowakera wafanyakazi wote wa kiwanda chake cha mvinyo wa mananasi pale Ruiru. Mananasi ya kila mkulima yalichachushwa kwenye pipa lake peke yake, lenye jina lake, mpaka Ciku, mwonjaji wake, aonje mvinyo uliotoka humo. Hapo ndipo mapipa mazuri yalichanganywa, na pipa baya likaondolewa pamoja na mwenyewe. Kahiga hakuwa mtu mbaya, ila aliipenda mno ile methali ya kizuri chajiuza, na kwake mkulima aliyeleta kibaya alikuwa amejifukuza.

Basi Ciku akaanza kuonja mvinyo wa mwaka huu, asubuhi, kabla hata ya chai, maana chai huupumbaza ulimi. Pipa la Wavinya lilikuwa zuri. La Kiilu lilipita hata la mwaka jana, na Kiilu alivyo, angeringa mpaka majirani wamkome. Akafika kwenye pipa la Mama Nzioki. Akaonja, akatema.

Mvinyo ulikuwa mwepesi kama maji na mkali kama embe bichi. Akaonja tena. Akasukutua mdomo, akaonja mara ya tatu huku akimwomba Mungu ubadilike, lakini mvinyo haukumsikia Mungu wala yeye.

Alimpenda Mama Nzioki, tena hakuficha. Yeye ndiye aliyemwingiza kwa Kahiga. Kabla ya hapo mama huyo aliwauzia madalali waliokuja na lori shambani kwake, upande wa mashariki wa Thika, wakajipangia bei, wakaondoka wakicheka. Pipa hili likikataliwa, angerudi kwa hao hao. Ciku akamwambia Kahiga atampa majibu baadaye, akatia mvinyo kidogo kwenye chupa ndogo, akafunga safari ya Thika.

Alimkuta akipalilia. Wakasalimiana, chai ikapikwa, kwa kuwa pale kwa Mama Nzioki habari mbaya hazisikilizwi na tumbo tupu.

"Mama, pipa yako imekuwa chachu," Ciku akasema mwishowe. "Ni yako pekee. Nanasi zilikatwa zikiwa bado. Ni wezi walikuwa wanakusumbua?"

"Hakuna wezi."

"Sasa ni nani alikata mapema?"

"Ni mimi." Mama Nzioki akakijaza kikombe cha mgeni bila kumtazama. "Si ni wewe ulitufundisha, ukasema sukari ya nanasi ndio inageuka pombe? Nikafikiria nikikata kama haijaiva, hiyo waini italewesha watu kidogo tu."

Ciku alihisi uso ukimchoma. Ni kweli alisema hivyo alipowazungukia wakulima mashambani, akijifanya mwalimu, na akina mama wakamsikiliza kwa adabu. Wengine walisahau kabla hajafika langoni. Huyu hakusahau. Nzioki, kifungua mimba wake, alizikwa mwaka jana baada ya pombe kummaliza ini. Ciku alikuja mazishini, akala, akalia, na hata siku moja hakukiunganisha kifo hicho na mvinyo wa Kahiga. Akajiona mjinga.

"Pole, mama," akasema. "Ungeniambia."

"Ningekuambia nini? Ati nataka kuuza na sitaki kuuza?"

"Nitaambia Kahiga ni jua. Si jua ilikuwa kali? Atakupea chance ingine." Ulimi hauna mfupa, na wa Ciku ulikuwa tayari kujipinda.

"Na mwaka ujao nitakata zikiwa zimeiva?"

Mama Nzioki akaiona chupa ikichungulia kutoka mkobani.

"Ndio hiyo? Lete."

"Lakini mama, wewe umeokoka."

"Nimeokoka, sijakufa. Lete nione."

Tangu azaliwe hakuwahi kuonja pombe. Akamimina kwenye kifuniko cha chupa, akaitia mdomoni, na badala ya kutema wafanyavyo waonjaji, akameza. Uso ukamkunjamana.

"Ni hii tu?"

"Hiyo imeharibika, mama. Ile nzuri iko na utamu kidogo."

"Kidogo." Akakiweka kifuniko mezani. "Na mimi nilikuwa nafikiria ni kitu tamu sana, Ciku. Miaka yote nikimpikia, nikimwombea, nilijua nashindana na kitu tamu."

Machozi yakamtoka. Ciku akamshika mkono, akalia naye bila aibu, chai ikipoa mbele yao.

Simu ikaita. Alikuwa Kahiga, akiuliza matokeo. Ciku akamwambia mapipa yote mazuri isipokuwa moja, kisha akamtazama mwenyeji wake. Mama Nzioki akanyoosha mkono, akaichukua simu.

"Kahiga, ni Mama Nzioki. Nimeonja yangu mwenyewe. Mwaga yote." Akasikiliza kidogo. "Hapana, hakuna mtu amenikosea. Lakini mwaka ujao usiniwekee pipa."

Akamrudishia Ciku simu, akamuuliza kama ampashie chai moto.