Noah ya Mjomba Mansuri

Shemeji yangu Mansuri hana gari bovu. Ana gari zuri analolitesa. Ni Noah nyeupe ambayo wiki nzima inashusha ndizi na mafenesi kutoka Kinole hadi Mikese barabarani, na ikifika Jumapili inaoshwa kwa uangalifu ambao watoto wake hawajawahi kuuona.

Siku aliyoileta kwenye gereji yangu pale Mafiga, ninapofanya kazi ya umeme wa magari, nyuma hapakuwa na viti. Alikuwa amepanga spika mbili kubwa za ukumbini, sabufa mbili chini yake, na amplifaya ambayo sijui aliipata wapi. Akawasha gari, akafungulia muziki. Besi ya kwanza ikapiga, taa za mbele zikakonyeza. Ya pili, zikakonyeza tena. Wimbo haujafika nusu, gari likazima.

"Shem, umeona mwenyewe," akasema. "Mzigo upo, ila umeme hautoshi."

"Gari hili lilitengenezwa libebe watu na redio moja. Wewe umepakia disko."

"Ni kwa ajili ya Raya, Shem."

Hapo alinikamata. Raya ni binti yangu. Alikuwa amemaliza kidato cha nne, na mama yake, Mwanaasha, dada yake Mansuri, alikuwa amempeleka kwa bibi yake Kinole akawekwe ndani na kufundwa kama walivyofundwa wanawake wote wa kwao. Siku hizi mambo yamefupishwa, hakuna anayekaa ndani miezi, lakini siku ya kutoka ni ileile: mwali anatolewa nje akiwa mabegani mwa mjomba wake, anazungushwa uwanjani, watu wanamtunza. Mjomba, siyo baba. Kwetu Waluguru mtoto ni wa ukoo wa mama yake, na baba ni mtu wa kuheshimiwa na kupewa kiti kizuri. Siulalamikii utaratibu huo, maana mimi mwenyewe nimewabeba mabinti wa dada yangu na mgongo wangu unakumbuka. Nilichokuwa nakitaka ni kitu kimoja. Wakati mwali bado yuko juu, baba huitwa mbele amfunike khanga. Ni jambo la muda mfupi sana, na nilikuwa nalisubiri tangu Raya yuko mchanga. Sioni aibu kusema hivyo.

Basi nikaanza kazi. Watu wengi wakiona taa zinakonyeza wanakimbilia betri kubwa. Betri ni pipa tu. Kama bomba la kulijaza ni jembamba, pipa kubwa litachelewa kukauka, lakini litakauka. Nilitoa alteneta ya Noah, ile inayozalisha umeme injini ikizunguka, nikaweka ya gari kubwa zaidi, ikabidi nichonge upya kishikio chake na kutafuta mkanda mrefu kidogo. Nikang'oa ule waya mwembamba wa kutoka kwenye alteneta kwenda kwenye betri, nikapitisha wa shaba, mnene kama kidole. Upande wa hasi nao nikaufanyia vivyo hivyo, kutoka betri hadi kwenye bodi na kutoka injini hadi kwenye bodi, na kila mahali nilipofunga nilikwangua rangi mpaka bati likang'aa. Waya ukifungwa juu ya rangi ni sawasawa na hukuufunga.

Mansuri alipoona nakwangua alishika kichwa. "Shem, rangi yangu hiyo."

"Unataka rangi au unataka muziki?"

Akaenda kukaa kwenye benchi, akanipa mgongo. Nikaweka betri ya pili nyuma karibu na amplifaya, nikaweka fyuzi kubwa pande zote mbili ili waya ukigusa bati gari lisiungue, na kwenye dashibodi nikabandika geji ndogo ya kuonyesha volti. Tukajaribu. Taa zilitulia tuli. Waliokosa kutulia ni majirani. Mama anayekaanga maandazi ng'ambo ya barabara alikuja na mwiko mkononi kuuliza kama tumepanga kumhamisha mtaani.

Lilibaki jambo moja, na nililisema wazi. Alteneta kubwa kama ile haitoi umeme wa kutosha injini ikiunguruma polepole. Gari likitembea, hakuna tatizo. Likisimama, lazima mtu akae kwenye usukani akanyage mafuta kidogo huku anaangalia geji. Akizidisha, injini inachemka. Akilegeza, amplifaya inakata. Ukiweka jiwe kwenye pedeli halijui tofauti hiyo. Dawa yake ni kubadilisha puli, kile kigurudumu cha mkanda kwenye alteneta, na puli niliyokuwa naitaka ilikuwa bado haijafika kutoka Dar.

"Mpaka ifike, mwali ameshatoka," Mansuri akasema. "Kinole mtu wa kukanyaga mafuta hakosekani."

Nilikubali. Nilifikiri kama yeye, kwamba Kinole kuna watu wengi.

Siku yenyewe tulipita Bigwa, tukapanda mlima na muziki umefunguliwa. Geji ilisimama palepale, haichezi. Mansuri alikuwa anapunga mkono kwa kila aliyekutana naye, aliyebeba mkungu wa ndizi na aliyebeba mtoto, na kwenye kona watu walikuwa wameshajipanga pembeni kabla hatujatokea. Nami nilijisikia vizuri, kwa nini niseme uongo? Kazi yangu ilikuwa inasikika kabla haijaonekana.

Kwa bibi yake Raya uwanja ni mdogo na umeinama, upande mmoja migomba, upande mwingine majamvi ya karafuu zilizoanikwa, ambazo siku hiyo zilikuwa zimeondolewa. Mansuri akaegesha Noah kando ya migomba, spika zikaelekea kwa watu na kichwa cha gari kikaelekea bondeni. Akabaki kwenye usukani, mguu kwenye mafuta. Mpwa wake mmoja aliomba akae yeye, akamfukuza. Mwingine akafukuzwa hata kabla hajaomba. Wapiga ngoma walikuwa wamekaa mbele ya mlango pamoja na Bi Maimuna, kungwi wa Raya, wanapasha ngoma zao kwenye moto wa majani makavu. Mimi nilikuwa nimevaa kanzu mpya, nimesimama mstari wa mbele kabisa, khanga imekunjwa chini ya kwapa.

Bi Maimuna akaja mpaka kwenye dirisha la gari. Ilibidi aingize kichwa ndani ndipo asikike.

"Mjomba, mwali yuko tayari. Njoo umbebe."

Mansuri akatazama kushoto, akatazama kulia, kisha akaniita kwa mkono.

"Shem, nishikie mara moja."

"Mpe mtu mwingine. Mimi nina shughuli yangu pale."

"Nimpe nani, Shem? Wataniunguzia. Wewe ndiye unayelijua hili gari."

Ilikuwa kweli, na ndiyo iliyoniudhi. Kila waya mle ndani niliufunga kwa mkono wangu, na pale uwanjani hapakuwa na mwingine anayejua sindano ya geji ikishuka ufanye nini. Vilevile muziki ukikatika mwali yuko mlangoni, Kinole wangelisimulia hilo mpaka Raya awe na wajukuu. Nikaingia kwenye gari, nikakanyaga mafuta. Mansuri akakimbia huku anafunga kibwebwe.

Kioo cha mbele kilikuwa kinatazama bonde. Nililiona bonde zuri sana. Kuhusu mwanangu, nilikuwa na kioo cha pembeni, na kioo kile kilikuwa kinatetemeka kwa besi kiasi kwamba watu wote walikuwa na vichwa viwili viwili. Nikashusha macho kwenye geji, nikapandisha kwenye kioo, nikashusha tena. Nikaona kitambaa chekundu kimepanda juu ya vichwa vya watu. Nikajua huyo ndiye Raya, yuko juu. Sura yake sikuiona.

Walizunguka. Kisha nikaona Bi Maimuna amesimama katikati ya uwanja, anafungua mdomo na kuufunga, na watu wanageuza shingo huku na huku kama wanaotafuta kuku aliyepotea. Nilichelewa kuelewa kwamba wananiita mimi. Mwanaasha alikuwa anazunguka mstari wa mbele, pale nilipokuwa nimesimama, anaulizauliza. Nikapiga honi. Mimi mwenyewe niliyeipiga sikuisikia.

Nikaitazama ile geji. Ilikuwa imesimama vizuri kabisa. Hasira ilinipanda, na sikuwa na wa kumkasirikia mle ndani ila mimi mwenyewe.

Nikatoa mguu.

Sindano ikashuka. Besi ikapiga moja ya mwisho, ikakwama, amplifaya ikakata. Ngoma zikasikika. Kumbe zilikuwa zinapigwa muda wote, wazee wale jasho linawatoka, na hakuna aliyekuwa akizisikia. Uwanja mzima uligeuka kuitazama Noah, na mimi nikateremka na kanzu yangu, khanga mkononi, nikapita katikati yao.

Mansuri alikuwa ananitolea macho. "Shem, kuna nini?"

"Piga goti kidogo," nikamwambia.

Akapiga goti, mwanangu yupo mabegani. Raya alikuwa ameinamisha macho, maana mwali siku hiyo hatazami watu wala hasemi. Nilimfunika khanga, nikairekebisha mabegani, nikaona kope zake zimelowa.

"Baba," akasema kwa chini, midomo haifunguki. "Wamekuita, wamekuita. Nilidhani hukuja."

"Nilikuwepo. Nilikuwa kwenye gari nakanyaga mafuta, muziki usikatike."

Kisha akasema, "Si umekatika, na mimi bado nipo juu?"

Mansuri alimsikia kama nilivyomsikia mimi. Alisimama taratibu, akamweka sawa mabegani, akaanza mzunguko mwingine kwa kufuata ngoma. Njia ilikuwa na mteremko na yeye si kijana tena, kwa hiyo nilitembea pembeni yake, nimemshika Raya mguu asiyumbe.