Mabati ya Siku Tisini

Mume wangu Sifael ana akili. Atakwambia mwenyewe, hata hujamuuliza. Alikuwa karani wa stoo kwenye shamba la mkonge, na miaka ile ya ruksa, kila mtu alipogeuka mfanyabiashara, naye akaona asibaki nyuma.

Nyumba yetu ya Same tuliimalizia kwa mkopo, hati ikakaa benki. Riba yake? Acha tu. Unalipa mwaka mzima, ukienda kuuliza, deni liko palepale. Niliogopa. Nyumba ile niliibebea maji ya kufyatulia matofali nikiwa na mimba ya Justa ya miezi saba.

Basi mfanyabiashara mmoja pale mjini, Isihaka, akafungua duka la vifaa vya ujenzi. Ili apate wateja, akatangaza kwamba mwenye barua ya mwajiri achukue mali, alipe baada ya siku tisini, bila riba hata senti. Sifael alirudi nyumbani anacheka peke yake.

"Mke wangu, watu hawana macho! Nachukua saruji kwa Isihaka, nauza taslimu, pesa yote naitia benki. Deni lenye riba linapungua leo hii. La Isihaka halina riba, nitalilipa kwa mshahara."

"Na siku tisini zikifika?"

"Wewe pika."

Nikapika. Na kweli saruji ilikwenda, riba ikashuka, Isihaka akalipwa. Ndipo bwana kichwa kikavimba. Akachukua mabati sitini. Bei ya mjini ilikuwa mbaya, akaona ayapandishe mlimani Myamba, kijijini kwa mama yake, wakulima wenye pesa za tangawizi wayagombanie.

"Mwambie mama ni ya kuuza," nilimnong'oneza tukishusha mzigo.

"Mwanamume hatangazi biashara yake."

Majirani wakauliza mabati ya nani. "Yangu," akajibu, kifua mbele. Tukateremka kurudi Same kutafuta mnunuzi.

Jamani! Mabati sitini uani kwa mjane anayelala chini ya nyasi zinazovuja, na mwanawe ni karani. Ulitaka watu wafikirie nini? Jumatano pembe likapulizwa, kijiji kizima kikatoka msaragambo, kama wanavyotoka kuzibua mifereji au kujenga darasa. Jumamosi tulipopanda na mnunuzi, nyasi zilikuwa chini, mabati juu, yamekatwa na kupigiliwa misumari. Mama mkwe alikaa mlangoni akilia.

"Shikamoo, mama," nikasema.

"Marahaba, mwanangu. Sifael, laiti baba yako angeona!"

Nilimtazama Sifael. Sema, mjinga wewe, sema sasa hivi! Akakohoa, akavua kofia, akawahutubia watu dakika kumi nzima juu ya kuwakumbuka wazazi. Mnunuzi akala makande yake, akashuka zake. Na mimi sikusema, maana yule mama alikuwa amenishika mkono. Hilo sijajisamehe.

Siku ya tisini ilipofika, Isihaka hakuwa na mchezo. Barua ya mwajiri alikuwa nayo, mshahara ukakatwa juu kwa juu. Benki ikakosa marejesho mwezi wa kwanza, wa pili, wa tano. Wa sita nyumba ikapigwa mnada asubuhi tu, mbele ya majirani, na aliyeinunua hata ndani hakuingia kuangalia. Nililia barabarani bila haya.

Sasa tunaishi Myamba, chumba cha nyuma kwa mama mkwe. Mvua ikinyesha, mabati yanapiga kelele hatusikilizani, na mimi nashukuru, kwa sababu Sifael bado anawaeleza wageni ile hesabu yake, kwamba ilikuwa sahihi kabisa.

Juzi ilinyesha usiku kucha. Asubuhi mama mkwe alinimiminia uji, akanitazama kwa huruma ya kweli.

"Mama Justa, una bahati umeolewa na mtu mwenye akili. Bila yeye mngelala wapi?"

"Ahsante, mama," nikasema, nikapokea kikombe.