Kifuniko cha Fundi Kwaheri

Alikuwa seremala, na kwa kuwa majeneza ndiyo yaliyomlisha, mtaa ulimwita Fundi Kwaheri. Mwenye mgonjwa nyumbani aliikwepa hata salamu yake. Alishazoea.

Asubuhi hiyo alikuwa akipiga randa kifuniko aliposikia lori likiteremka, halafu kishindo. Akatoka mbio, vumbi la mbao nyusini. Muuza mikate wa baiskeli, mgeni asiyejulikana na yeyote pale, alikuwa chali barabarani, paja limepasuka, mikate imetapakaa, damu inakwenda zake mtaroni. Lori lilishatokomea. Lilikuwa la nani, kila mtu alijua na kila mtu alinyamaza.

Hapo zamani palikuwa na tuta. Lilichimbuliwa siku mkubwa mmoja alipokuja kufungua jengo, asije akarushwarushwa kitini. Wakazi walipoomba lirudishwe waliambiwa jambo lao linashughulikiwa. Likaendelea kushughulikiwa, na Fundi Kwaheri akaendelea kuchonga. Jeneza moja, la mtoto, lilikuwa fupi kama droo ya kabati.

Alipiga magoti, akavua aproni, akaikaza kwa fundo juu ya jeraha.

"Mwoneni!" muuza duka alifoka. "Mteja hajakata roho, keshaanza kumpima!"

Watu wakacheka kicheko cha woga.

"Punguza mdomo, ndugu yangu, lete mikono. Zahanati iko hapo nyuma ya soko," fundi alijibu.

"Mkimbeba hivihivi mtammaliza, fundi," alisema msusi, mama mwenye kibanda jirani. "Huoni mfupa ule?"

Fundi akamwachia msusi fundo alishike, akaingia karakanani, akarudi na kile kifuniko, kipana, kimenyooka. Watu wakarudi nyuma kama wameona nyoka.

"Mtu mzima, hai, juu ya kifuniko cha jeneza? Huko si ndiko kumwita mtoa roho?"

"Ni mbao tu, jamani!" fundi alisema.

"Kama ni mbao tu," muuza duka akadakia, "mbona wewe hukilalii?"

Mmoja akakimbilia blanketi. Mwingine akajaribu kung'oa mlango wa kibanda, haukung'oka. Wengine wakabishana. Fundi alikuwa amerudi kwenye fundo, na chini ya kiganja chake aproni ilizidi kuwa nzito.

Majeruhi akafumbua macho. "Niwekeni juu ya hicho hicho," alisema kwa sauti ya chini. "Mnaogopa nini nyie, si mimi ninayekufa?"

Ndipo wakaona haya. Wakambeba, muuza duka naye akiwa kwenye kona moja. Mganga wa zahanati alimpokea mlangoni, akamshika shingo, akamshika tena.

"Mngewahi kidogo," alisema.

Njiani kurudi muuza duka akaanza tena. "Tulikwambia, fundi. Ule mkosi."

Fundi aliongeza mwendo hadi karakanani. Alikichukua kifuniko, hakukiosha, akakipigilia miguu ya mbao, akakisimamisha katikati ya barabara, pale pale lilipokuwa tuta. Lori lililofuata lilikuja likipiga honi. Halafu, sauti waliyokwisha kuisahau: breki.

"Mzee, umerukwa na akili?" dereva alichungulia. "Toa mkosi wako njiani!"

"Mkosi una magurudumu, mwanangu. Zima gari."

Msusi akatoka kibandani na jiwe kubwa mikononi. Akaliweka chini ya kifuniko, akarudi kutafuta jingine. Muuza duka aliwatazama kidogo, kisha akaanza kufunga duka, jiwe la kuzuia mlango likiwa tayari kwapani.